Jina Alilomtafutia Mdogo Wake

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, leso haivaliwi bure. Ina mji, yaani ile sehemu ya kati, ina pindo la kuuzunguka, na juu ya pindo ina maneno, na maneno hayo ndiyo tunayoyaita jina la leso. Mwanamke akiingia dukani kwanza husoma jina, kisha ndipo atazame rangi. Rangi ikiwa mbaya atastahamili. Jina likiwa halina mtu wa kumwendea, ataikunja leso airudishe mezani.

Wengi hudhani majina hayo yameota yenyewe kitambaani. Kumbe kuna watu hukaa wakayatunga, na mmoja wao alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili. Tulimwita Mama Majina. Hakuwahi kuzaa, na hakuona ajabu kuitwa mama wa maneno. "Wenu wakikua wawatukana nyinyi," aliwaambia wenye watoto. "Wangu wakikua watukana watu wengine."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye midomo iliyokolea tambuu na sauti ya kupenya dirisha lililofungwa. Jina jipya likimjia hakukimbilia karatasi. Alilirudiarudia huku akipeta mchele, akiongeza neno hapa, akitoa pale, kisha akafungua dirisha na kumwita yeyote aliyekuwa akipita. "Ewe! Mtu akikuvalia hili, usiku utalala?" Ukisema utalala, alilitupa. Mimi nilikuwa msichana wa shule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mara nyingi mpita njia huyo alikuwa ni mimi. Nakumbuka siku aliponisomea "Umekuja kuniona au kunihesabia vyombo", nikamwambia hilo halilaliki. Alifurahi hata akanikatia mkate wa sinia. Leso hiyo ilipotoka madukani Biashara Street, kwa muda mrefu hapakuwa na wifi aliyemtembelea wifi yake kwa amani.

Mwenye duka aliyeyachukua majina yake alikuwa Mhindi mpole aliyemwogopa. Aliwahi kumwambia kwamba jina moja limekuwa refu, halienei. "Punguza maua," akamjibu, akaketi juu ya robota la nguo kungoja. Maua yakapunguzwa. Alilipwa kwa doti za leso, na nyingi katika hizo hakuzivaa. Aliwapa wanawake wenye ugomvi wasiokuwa na leso ya kuusemea. Hiyo aliihesabu kuwa sadaka, na ukimbishia alikutolea ushahidi wa dini ambao sijui aliutoa wapi.

Sasa, mtu huyu ambaye nusu ya kashfa nzuri za Mombasa zilitoka jikoni mwake, alikuwa na neno moja asilotaka kulisikia. Neno lenyewe ni bubu.

Aliishi na mdogo wake wa tumbo moja, ambaye hakuwa akisikia wala kusema tangu homa ya utotoni. Nilipomjua alikuwa mwanamke mzima, mnene kidogo, mcheshi wa uso, na kazi yake ilikuwa kupinda leso kwa cherehani ya mkono. Leso huuzwa mbili zimeshikana. Mpaka zikatwe na kupindwa ndipo zivalike, na nusu ya mtaa ilimpelekea yeye. Shule hakwenda. Dada yake ndiye aliyemfundisha kusoma, na kitabu chao kilikuwa leso hizo hizo: alimwekea kidole kwenye herufi, kisha akamwigizia neno kwa mikono na uso mpaka likaeleweka. Kwa hivyo mdogo mtu alijua kusoma "hasidi" na "mke mwenza" kabla hajajua kusoma "sukari".

Akipinda leso yenye jina kali alinyanyua nyusi, akamtazama mwenyewe, akauliza kwa kidevu: hii yaenda kwa nani? Na wenyewe walimweleza. Wanawake waliokuwa hawamwambii hata mama mzazi siri zao walimwambia yeye, kwa mikono, wakiamini zimefika mwisho wa njia. Zilikuwa zikienda kwa dada yake, na baada ya miezi zikarudi dukani zikiwa leso. Nyumba ile ilikuwa na raha yake, na sidhani kwamba nimewahi kuona ndugu wawili waliokuwa wakicheka pamoja namna ile, mmoja kwa sauti ya kutingisha kuta, mwengine kwa mabega.

Sisi watoto tukitumwa tulisema tu, "Napeleka leso kwa bubu." Hatukuwa na ubaya. Mtaani mlikuwa na wanawake kadhaa wenye jina kama lake, na ukilitaja uliulizwa yupi, nawe ukajibu yule bubu. Lakini neno hilo likipita chini ya dirisha, dirisha lilifunguka. "Nani bubu? Nani kakufunza hilo?" Aliwahi kushuka ngazi bila buibui, leso moja tu kichwani, akamfuata mtoto wa watu mpaka kwao akamwuliza mama mtu mbele ya wageni kama ndivyo anavyolea.

Hasira zake juu ya maneno ya namna hiyo zilikuwa na falsafa ndani yake. Alipenda kuyapanga mbele yangu nikimsaidia kuchambua mchele. "Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Wasikia? Wote hao wametiwa chungu kimoja na kiti na kijiko. Mtu mzima, ana roho, aitwa ki." Nikamwambia, kwa ujuaji wa darasa la saba, kwamba bubu halina ki. Akatema tambuu. "Huyo hata ukijiko hawakumpa."

Redio ikitangaza habari za "wasiojiweza" alijibizana nayo. "Yuwashona tangu asubuhi mpaka adhuhuri, awavisha nyote, hajiwezi nini?" Na siku nyingine alinieleza habari ya taahira, neno ambalo kaka zangu walikuwa wakitukaniana kwalo kila siku uwanjani. Alisema yeye alilikuta likiwa neno la adabu. Watu walikuwa wameona vibaya kusema punguani, wakalichukua hilo lisemalo kuchelewa tu, kama vile meli huchelewa, kisha inafika. "Likavaliwa likiwa safi," akasema, "likachafuka kama nguo yoyote. Sasa wataka jingine. Na hilo nalo litachafuka." Aliyasema hayo yote kwa kinywa chake. Aliyajua, na bado akaamini kwamba neno lake yeye halitachafuka. Hilo ndilo linalonisikitisha kila nikimkumbuka.

Na si kwamba alikuwa na huruma kwa kila mtu. Muuza kahawa aliyepita jioni na dele lake alikuwa na jicho moja, na Mama Majina alimwita kwa sauti ya mtaa mzima: "Chongo! Ndoo hapa unitilie kikombe." Mamangu, ambaye alikuwa shoga yake na hakumwogopa, alimtania: "Shoga, wasema mwenye kupenda haoni chongo, huita kengeza. Wako wewe umemwona kengeza. Wa wenzio abaki chongo?"

"Wa wenzangu ana dada zake," akasema, akanywa kahawa yake.

Mamangu alicheka, nami nikacheka. Leo jawabu lile halinichekeshi sana. Mtu aliyejua uzito wa kila neno mjini, huruma yake ilikuwa na upana wa mlango mmoja.

Ndipo akaja na neno mnyamavu. Sijui alilichekecha muda gani, maana hilo hakulijaribu dirishani kwa mtu. Siku hiyo nilifika na doti ya mama, nikasema kwa adabu kwamba nimemletea... nikasita, maana neno nililolizoea ni bubu, na Mama Majina mwenyewe alikuwa mbele yangu. Akanimalizia. "Sema Mnyamavu. Umemletea Mnyamavu leso. Kuna tabu?" Hapakuwa na tabu. Kwetu mnyamavu ni sifa. Msichana akiposwa, watu wake humsifu hivyo: mtulivu, mnyamavu, hana makuu. Neno lilikuwa jepesi mdomoni na lilikuwa na heshima, na kusema kweli lilimkaa yule mwanamke vizuri. Mtaa ukalichukua. Baada ya muda hata wazee waliokuwa wabishi walisema, mpelekee Mnyamavu.

Angeliliacha hapo. Lakini alikuwa mtunga majina ya leso, na mtunga majina akipata neno zuri haliweki kabatini. Akalipeleka kwa Mhindi: MNYAMAVU NI HAZINA YA NYUMBA. Ilitoka leso ya buluu na nyeupe, pindo la majani, nzuri kweli. Nilikuwapo ilipofika. Mdogo mtu alisoma jina herufi kwa herufi, akarudia, kisha akamtazama dada yake. Dada akamwonyesha: ni wewe. Hii ni yako. Yule akaificha sura yake ndani ya kitambaa kipya kinachonuka dawa ya kiwandani, na alipoitoa alikuwa analia na kucheka. Tangu siku hiyo kila arusi alijifunga leso hiyo. Wanawake walipomletea doti za jina hilo azipinde, alijipiga kifua kwa furaha kuonyesha kwamba ni yake, nao wakaitikia kwa kichwa.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo labda lingefanyika kwetu tu. Leso haisomwi kama sifa. Mwanamke wa Mombasa akiona jina, hata liwe la kumshukuru Mungu, kwanza hujiuliza limeelekezwa kwa nani. Mama Majina ndiye aliyetufundisha kusoma hivyo, miaka na miaka. Sasa akataka leso moja tu, ya mdogo wake, isomwe kwa moyo mweupe.

Jina likaanza kutembea. Kwanza lilivaliwa kuwasema wake za watu ambao waume zao walikuwa na mambo nje na wenyewe hawana habari: mnyamavu ni hazina ya nyumba, yaani mke asiyejua kitu ndiye raha ya mume. Halafu likawafikia wanaume. Kaka yangu alirudi kutoka uwanjani Bondeni akamsema golikipa wao aliyepitisha mpira kati ya miguu: "Mnyamavu yule! Kasimama tu." Nilimwuliza kama anajua neno hilo limetoka wapi. Akasema limetoka kwenye leso, kwani wapi tena? Mtoto asiyejua hesabu akawa mnyamavu. Mbuzi aliyekataa kupanda ngazi akawa mnyamavu. Mama Majina lazima alisikia, maana alisikia kila kitu, lakini dirisha lake halikufunguka. Nadhani alikuwa akijiambia kwamba mdogo wake hasikii. Hiyo ndiyo salama ya mtu asiyesikia, alifikiri: tusi linampita juu.

Kisha ikaja arusi ya Kibokoni. Ilikuwa siku ya wanawake, uani, turubai juu, sinia za halwa zikipita. Mwanamke mmoja pale, mumewe alikuwa ameoa mke wa pili huko ng'ambo ya Likoni na yeye alikuwa bado hajaambiwa, na mji mzima ulikuwa umeshaambiwa. Wenye kumchukia walikuja kikosi kizima, wote wamejifunga leso moja, buluu na nyeupe. Wakaingia kwa safu wakiimba wimbo walioutunga njiani, wa mnyamavu ambaye nyumba yavuja na yeye ametandika kitanda.

Mdogo mtu alikuwa amekaa karibu yangu. Aliona safu ya wanawake wazuri, wamepambwa, wote wamevaa leso yake. Hakusikia wimbo. Uso wake uling'ara, akanishika goti, akanionyesha: tazama, wote! Akafikiri wamekuja kumtukuza. Kabla sijapata la kufanya aliinuka, akaingia katika safu, akaanza kucheza nao akitingisha mabega.

Watu waliangua kicheko. Wale wa mbele hawakumwona. Walikuwa wamefika penye ubeti wa kumwigiza mnyamavu, wakatoa macho, wakafunika vinywa kwa viganja, wakafanya sauti za puani na mikono ya kupapasapapasa hewani. Mikono yake yeye, jinsi alivyokuwa akisema. Nilimwona akiisoma mikono ile. Akasoma leso. Akasoma nyuso za watu, moja baada ya nyingine, upande mmoja wa ua mpaka wa pili. Alikuwa msomaji mzuri. Akaacha kucheza.

Lazima niseme kwamba hawakumkusudia yeye. Wengi wao walikuwa wateja wake, walimpenda kwa namna yao, na walipogundua waliona haya. Walikuwa wamelichukua neno kwake na wakasahau kwamba alikuwapo. Sijui kama hilo ni afadhali. Mimi naliona baya zaidi.

Mama Majina alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Watu waligeuka kumtazama, wakingoja moto. Akaweka sinia chini, akapita katikati ya watu, akamshika mdogo wake mkono. Yule akautoa mkono wake polepole, akatembea peke yake mpaka nyumbani.

Hakwenda tena arusini. Leso aliendelea kupinda, na kazi yake haikupungua uzuri, lakini hakunyanyua tena nyusi kuuliza hii ya nani. Alichukua, akapinda, akarudisha imekunjwa jina likiwa ndani. Wanawake nao wakaacha kumweleza siri zao. Mama Majina alikwenda Biashara Street kumtaka Mhindi asiichape tena leso ile. "Mama, hii yauzwa kuliko zote," akamwambia kwa furaha. "Nimeagiza na ya kijani." Hakumpelekea jina jingine baada ya hapo. Mamangu alimwambia, kumfariji, kwamba kisima hukauka kisha kikajaa. "Hakikukauka," akajibu. "Kimeingia kitu."

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Nilikuwa nimeolewa Malindi na nilikuja kumtazama mama. Nikamkuta Mama Majina Marikiti, amekonda, anachagua ndimu. Tukaamkuana, masalkheri, hali yako, watu wako, na kabla hatujamaliza, hamali mmoja akapita na mkokoteni wa viazi. Alikuwa kijana wa bara, sauti yake na Kiswahili chake vilisema hivyo, na mbele yake alisimama mwenzake aliyeduwaa na gunia begani. "We ni mnyamavu nini?" akampigia kelele. "Toka njiani!"

Mama Majina akabaki na ndimu mkononi. Mkokoteni ukapita. "Hata wa bara," akasema. Kisha, kama mtu anayemtaja mwanawe aliyepotea: "Hilo langu."

Nilimvuta tukakaa kwenye benchi la muuza sharubati. Nikamwuliza habari za mdogo wake, nikajitahidi nisitumie neno lolote. Akanitazama akaona ninavyojitahidi.

"Nalimwuliza," akasema. "Mwezi wa Ramadhani uliopita, twafuturu, sisi wawili tu. Nalimwuliza ataka watu wamwite nani. Miaka yote hiyo, mwanangu, sikuwa nimemwuliza."

"Akasema nini?"

"Akajishika kifua, akaweka kiganja kinywani. Bubu. Hivyo hivyo, bila tabu, kama wewe ukisema jina lako. Nikamwambia hapana, hilo baya, watu hutukana kwalo. Akashangaa. Asema yeye hajatukanwa kwa hilo hata siku moja. Angelisikiaje? Tusi la kwanza kumfika mwilini mwake alilisoma, na lilikuwa langu."

Muuza sharubati akatuwekea bilauri zetu. Mama Majina hakuigusa yake. Nilitaka kumwambia kwamba alikusudia mema, na nikaona kwamba watu wote wameshamwambia hilo na halikumsaidia.

"Halafu akaniuliza kitu," akasema. "Aliniuliza hivi, kwa mikono yake: kwani mimi nina nini, hata ukanitafutia jina jingine?"

"Ukamjibu vipi?"

"Bado sijamjibu." Alikuwa akiitazama mikono yake juu ya mapaja. "Jawabu ni kuwa nalimwonea aibu. Si watu, mimi. Na ishara ya aibu aijua, nalimfundisha mwenyewe. Nitainyanyuaje mikono hii kumwonyesha?"